Mazalia ya ukingoni yawekewe mipaka kabla ya Mei 15

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenzetu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Kalya kule kusini, pamoja na madiwani na maofisa uvuvi wanaosoma ukurasa huu.

Kila ikikaribia Mei 15 mjadala wa ziwa letu hubaki na maneno mawili tu, lifungwe au lisifungwe. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimama kuanzia tarehe hiyo hadi Agosti 15, kwa makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, na tangu hapo kila kijiwe kina hoja zake. Sisi hatuna ugomvi na kufunga. Tunachosema ni kwamba ipo sehemu ya ziwa inayotakiwa kufungwa miezi yote 12. Ni ndogo, iko mbele ya milango yetu, na hakuna boti ya doria kutoka mjini itakayoweza kuilinda kwa niaba yetu. Tunazungumzia mazalia ya ukingoni. Kijiji kinaweza kuyatenga chenyewe kwa vifaa vinavyopatikana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Ukubwa wa ziwa hili hudanganya macho. Lina urefu wa kilometa 673 hivi na kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Lakini hewa ya oksijeni haifiki huko chini. Upande wetu wa kaskazini hukoma kwenye mita 100 hivi, kusini huenda hadi karibu 200, na chini ya hapo samaki haishi. Tena ukingo wetu huporomoka ghafla. Sehemu nyingi ukipiga makasia dakika chache tu tayari uko juu ya shimo. Kwa hiyo mahali penye mchanga, mawe na majani, ambapo mwanga wa jua unafika chini, ni mkanda mwembamba kama pindo la kanga. Samaki wa jamii ya ngege peke yao wana aina zaidi ya 200 katika ziwa hili, karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na wengi wao maisha yao yote ni kwenye pindo hilo.

Mchukue samaki aitwaye kuhe. Ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo ya ngege duniani. Dume na jike hutaga chini kabisa, kwenye mchanga au juu ya mwamba, kisha hulinda mayai na vifaranga kwa wiki nyingi bila kubanduka, na wataalamu wanaamini kwamba huzaa mara moja tu katika maisha yao. Ukivuta wavu juu ya kuhe anayelinda umebeba wazazi na umeacha vifaranga wakiliwa kabla jioni haijafika. Samaki wengine wa mawe hubeba mayai mdomoni kwa muda wa wiki tatu hivi, na hao huzaa mwaka mzima, hawana habari na Mei wala Agosti. Lumbu, ndugu yake dagaa, hutagia karibu na ufuko. Hata dagaa mwenyewe, ambaye hutaga kilindini, watoto wake husogea ukingoni kukulia huku kabla ya kurudi nje.

Sasa fikiria kokoro, wavu unaokokotwa kwa kamba hadi ufukweni, likipita hapo. Linafagia viota, linang'oa majani, na linaleta pwani samaki wa urefu wa kidole ambao hata mnunuzi wa mwisho kabisa huwachukua kwa kuhurumia. Chandarua ni kibaya zaidi. Matundu yake hayafiki hata milimita 2, na dawa iliyopakwa humo kuua mbu ni sumu kali kwa samaki. Mtu akivua kwa chandarua kipya ziwani anamwaga sumu hata kama hakupata kitu.

Namna ya kuchagua eneo ndiyo sehemu ambayo vijiji hukosea mapema. Mara nyingi kamati hutoa eneo ambalo hakuna anayelitaka: mchanga mtupu usio na jiwe, au mbele ya korongo linalomwaga tope. Hilo huitwa mazalia kwenye karatasi tu. Chukueni ndoo ya lita 20, kateni kitako, bandikeni kioo kwa silikoni ya mafundi wa aluminiamu, subirini ikauke siku moja. Asubuhi kabla upepo haujaamka, izamisheni nusu ubavuni mwa mtumbwi mtazame chini. Maji yetu ni maangavu, siku nzuri mtaona hadi mita 10 na zaidi. Tafuteni mahali mawe yanapokutana na mchanga. Viota vya mchanga huonekana kama sahani zilizopangwa, vingine vimeinuliwa kingo kama vichuguu vidogo. Mahali palipotapakaa makombe matupu ya konokono wakubwa msipadharau, kuna samaki wadogo ambao kila kombe kwao ni nyumba. Vijana wanaozamia samaki wa mapambo wanayajua maeneo haya kuliko mtu yeyote kijijini. Waiteni kwenye kamati hata kama wazee hawawapendi.

Halafu angalieni mambo mawili ya nchi kavu. Eneo lionekane kutoka penye nyumba za watu, kwa sababu eneo lililojificha nyuma ya rasi litavuliwa usiku wote. Na lisikate njia ya mitumbwi kuingia mwaloni. Mkiziba njia, hata anayewaunga mkono atakuwa adui ndani ya wiki moja.

Kwa kuanzia, mita 400 za ufuko zinatosha, kwenda nje hadi kina cha mita 25. Kina kipimeni kwa kamba yenye fundo kila pima moja na jiwe mwishoni. Mita 25 ni kama pima 14. Msianze na kilometa 3 kwa tamaa ya kuonekana kwenye ripoti. Eneo dogo linalolindwa linazaa, eneo kubwa lisilolindwa linawafundisha watu kwamba sheria ya kijiji ni maneno.

Tuje kwenye maboya, maana hapa ndipo pesa za michango hupotea. Kwa eneo la mita 400, ukiweka boya kila mita 100 kwenye mstari wa nje unapata maboya 5 pamoja na ya pembeni, na moja katikati ya kila ubavu, jumla 7. Dumu la lita 20 la rangi kali linafaa. Lakini dumu zima likielea ziwani Kigoma, mkoa wa mawese, halitamaliza mwezi. Litakutwa sokoni limejaa mafuta. Litoboeni matundu mawili matatu makubwa na kulijaza vipande vya sponji ngumu za kandambili zilizochakaa, zilizoshindiliwa hadi shingoni. Linaelea vilevile na halimfai mwizi. Dumu jeupe hupasuka kwa jua haraka kuliko la njano au la buluu, na rangi ya kupaka hubanduka isipokwaruzwa kwanza kwa msasa.

Nanga ni mawe ndani ya kipande cha wavu wa zamani kilichokunjwa mara tatu. Uzito usiwe chini ya kilo 50 kwa kila boya. Wengi huweka kilo 30 wakidhani zinatosha, kumbe jiwe likizama hupungua uzito: la kilo 30 hubaki na kama kilo 18, na dumu la lita 20 likivutwa chini na wimbi lina nguvu ya kuinua karibu kilo 20. Siku ya kusi kali boya linaitembeza nanga yake kama mbuzi aliyeng'oa kigingi. La kilo 50 hubaki na kilo 31 ndani ya maji, halisogei.

Kamba iwe ya milimita 12, urefu mara moja na nusu ya kina. Kwenye mita 25 kata mita 40, mara 5 ni mita 200. Yale mawili ya ubavuni kwenye kina cha mita 12 hivi yapate mita 20 kila moja. Jumla mita 240. Mita 2 za chini zifungwe mnyororo, au ukanda wa mpira wa tairi, kwa sababu kamba inayosugua mwamba haivuki msimu mmoja wa upepo. Na kama kamba ni ile inayoelea, fungeni jiwe dogo la kilo 1 au 2 mita 3 chini ya boya. Pasipo jiwe hilo kamba iliyolegea huja juu siku ya shwari, boti yenye injini inapita, panga la injini linaikata, na asubuhi watu wanalaumiana kwamba maboya yameibwa.

Lipo kosa lingine la maboya ambalo limeua kesi nyingi. Boya lenye kamba ya mita 40 kwenye kina cha mita 25 linaweza kuzunguka kama mita 30 kila upande kutegemea upepo. Aliyekamatwa karibu nalo atasema boya lilisogea, na atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo sheria ndogo isiseme "mpaka ni maboya". Iseme mpaka ni vipimo vya GPS, vilivyochukuliwa hata kwa simu ya kawaida katika pembe nne, pamoja na alama mbili za nchi kavu zinazolingana kwa kila ubavu: kwa mfano mwembe mmoja wa ufukweni na kilele cha kilima nyuma yake. Mvuvi akiviona vimesimama mstari mmoja anajua amefika mpakani, hata usiku wa mbalamwezi. Boya linabaki kuwa tangazo. Na asiadhibiwe mtu aliye ndani ya mita 30 za mstari; aonywe na jina liandikwe.

Alama za ufukweni zisiwe chini sana. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kama mita moja kila mwaka, juu mwishoni mwa masika, chini mwishoni mwa kiangazi. Mwaka 2021 na 2024 yalipanda kupita kawaida hadi mialo na nyumba za pwani zikaingiliwa. Alama iliyowekwa mchangani sasa iko chini ya maji. Hilohilo linahusu mita 60 zilizotajwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: watu wanazipima kutoka maji yalipo leo, wanajenga choo na banda mita ya 61, na mwaka wa maji makubwa choo kinakuwa ziwani. Zipimwe kutoka mstari wa juu kabisa ambao maji yamewahi kufika. Wazee wanaujua.

Kuhusu karatasi. BMU, yaani vikundi vyetu vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, vinatambulika chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, lakini BMU haitungi sheria. Anayetunga ni halmashauri ya kijiji, kwa mamlaka iliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Rasimu inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari unasainiwa na mahudhurio yanaambatishwa, inapita kata, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Rasimu nyingi hulala huko juu, na si kila mara kwa uvivu wa ofisi. Hukosa ramani, au faini imeandikwa "kadri kamati itakavyoona", au kijiji jirani hakikuulizwa. Jirani aitwe kabla ya mkutano mkuu, akae na kamati mtumbwini aonyeshwe mstari. Wavuvi hawavui kwa mipaka ya vijiji, na wavu wa jirani ukikamatwa siku ya kwanza, hilo linakuwa jambo la koo mbili. Wenzetu wa Ujiji na Kibirizi wajue kuwa mtaa hauna mamlaka hayo. Njia yao ni diwani na baraza la manispaa.

Doria haihitaji injini kila siku. Injini ya farasi 15 ikienda kasi inakunywa lita 5 hadi 7 kwa saa. Saa 2 kwa usiku, mara 3 kwa wiki, ni karibu lita 36 za petroli kila wiki, na hakuna BMU ya kijiji inayoweza kubeba mzigo huo mwaka mzima. Ndiyo sababu tumesema eneo lionekane kutoka nyumbani. Watu wawili kwa zamu, mtumbwi wa kasia, tochi yenye mwanga mkali, filimbi na simu yenye namba ya mtendaji wa kijiji. Zamu ziwe nyingi wakati wa mbalamwezi. Siku za giza watu wa dagaa wako ziwani, taa zimetapakaa, mwizi wa mazalia anaonekana na wengi. Mwezi ukijaa, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mwaloni, ziwa linabaki tupu, na hapo ndipo makila, nyavu za kutega, huwekwa kwenye mawe.

Mtuhumiwa akipatikana, mzigo wake upigwe picha, uandikwe urefu na matundu, asaini, akabidhiwe kwa mtendaji au polisi. Msimpige. Msichome wavu kabla ya mahakama kuamuru, hata kama umati unashangilia. Kesi ngapi zimefutwa kwa sababu kielelezo kilikuwa majivu. Faini isipokelewe mkononi. Ilipwe kwa risiti ya halmashauri, na mgawo wa BMU uandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe. Kamati iliyowahi kupokea pesa gizani hata mara moja haiaminiki tena, na kusema kweli zipo kamati ambazo doria kwao imekuwa biashara. Dawa yake ni kubandika ubaoni, pale mwaloni, kila Ijumaa: waliokamatwa, faini, namba za risiti, mafuta yaliyotumika.

Kupima wavu wa dagaa pia kuna ujanja wake. Nyosha matundu 10 kwa mstari mmoja, pima kwa rula ya shule. Kwa wavu wa milimita 8 yanatakiwa kufika milimita 80. Pima sehemu tatu tofauti, na usiache kule katikati, kwenye kitako kinachobeba samaki, kwa sababu ndiko kunakowekwa kipande cha matundu madogo. Kisha inua wavu dhidi ya jua. Ukiona vivuli viwili vimepishana ujue zimelazwa nyavu mbili pamoja. Kila moja ni halali, zikiungana matundu yanakuwa nusu.

Nani anaumia mkifunga ukingo? Si mwenye boti. Anaumia kijana wa kokoro asiye na mtumbwi, ambaye analipwa kwa kuvuta kamba pamoja na wenzake 15 au 20, na wanawake wanaosubiri samaki wadogo ufukweni. Mkutano usipowataja kwa majina hawatasema kitu pale, watasema usiku kwa wavu. Ushauri wetu ni kwamba zamu za doria zenye posho wapewe wao kwanza, na nafasi za kazi kwenye mitumbwi ya dagaa vilevile. Anayejua kokoro linavutwa wapi na saa ngapi ndiye mlinzi mzuri kuliko wote.

Wanawake wa dagaa wanahitaji vichanja, na hili linaingia katika kulinda ziwa moja kwa moja. Kiangazi, jua linapokuwa zuri kuliko wakati wote, ndipo ziwa hufungwa. Dagaa wengi wanaanikwa wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, juu ya mchanga. Mvua ikinyesha saa moja, beseni zima linaoza, na kesho wavu unashushwa kufidia beseni hilo. Kichanja kiwe na urefu wa mita 1 kutoka chini ili michirizi ya mchanga na mbuzi wasifike, upana wa mita 1.2 tu ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Chini tandazeni waya wa banda la kuku, juu yake wavu mkuukuu wa dagaa uliofuliwa. Waya peke yake huacha kutu kwenye samaki. Miguu ya nguzo ichomwe moto nje hadi iwe nyeusi kuzuia mchwa. Msiipake oili chafu, inashuka ziwani mvua ya kwanza. Samaki watandazwe safu moja bila kulaliana na kugeuzwa baada ya saa 2 au 3. Nailoni ya kufunikia ipite juu ya ubao wa mgongo, sentimita 30 kutoka kwa samaki. Ikilazwa juu yao wanatoa jasho na kuchacha kama waliopikwa nusu.

Kwa upande wa milima tutasema machache, ingawa ndiko tope linakotoka. Jiwe lililofunikwa na tope halioteshi mwani, samaki anayekula mwani anahama, na mayai yaliyotagwa juu yake yanakosa hewa. Mazalia yakiwa chini ya korongo linaloporomoka, maboya yote 7 ni kazi bure. Tangu mwaka 1994 mpango wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall umekuwa ukihimiza upandaji miti na kilimo cha kuhifadhi udongo kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe, na ujuzi upo huko kwa anayetaka kuuliza. Kifaa kinachohitajika kupima usawa wa makinga maji ni fremu ya A: miti miwili ya mita 2, wa tatu wa mita 1 hivi katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi. Uzi ukigusa alama ya katikati, miguu miwili iko usawa mmoja. Piga kigingi, zungusha, endelea. Makinga maji yakichimbwa kwa kukadiria kwa jicho, maji hukusanyika kwenye kona ya chini, yanapasua, na korongo jipya linazaliwa hapo. Vetiva, nyasi ya kushika udongo, ipandwe sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina mvua zikishika, si zikikaribia kukatika.

Betri zilizokufa za taa za kuvulia zinatupwa mchangani na watoto wanazivunja kuchukua risasi. Kila mwalo uwe na pipa lenye mfuniko, na muuzaji asitoe betri mpya bila kurudishiwa ya zamani.

Tuseme wazi pia kitu ambacho mazalia hayatafanya. Dagaa na migebuka huzunguka ziwa zima, leo wako kwetu kesho wako Kongo. Aliyewaahidi wavuvi kwamba eneo la mita 400 litajaza ndoo za dagaa baada ya miezi 6 anawadanganya, na ahadi hiyo ikivunjika sheria ndogo itavunjika nayo. Isitoshe, tafiti zilizotoka mwaka 2003 zilionyesha kuwa maji ya ziwa yanapata joto na mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini unapungua, hivyo mbolea ya kilindini inayolisha dagaa haipandi kama zamani. Hilo boya haliligusi. Watakaorudi kwanza ni wakaaji wa ukingoni: ngege, samaki wa mawe, baadaye kuhe. Mtawaona nje ya mstari, baada ya mwaka au miwili, kwa kupima.

Kupima ni rahisi mkianza kabla ya kufunga. Chagueni wavuvi watatu wanaotumia vifaa vilevile jirani na eneo. Siku mbili kila mwezi, mzigo wao upimwe kwa mizani, na samaki 50 wa aina moja wapimwe urefu kwa ubao wenye rula, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Andikeni kwenye daftari la jalada gumu, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufutika mikono ikiwa na maji. Kijiji kisicho na daftari la kabla hakiwezi kuthibitisha lolote baadaye, na kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kilichopo hapahapa Kigoma kitaweza kusoma namba hizo zikiwa zimeandikwa kwa mpangilio mmoja.

Hatuanzi kutoka sifuri. Vijiji vya mwambao wa Mahale vilivyofanya kazi na mradi wa uhifadhi wa Tuungane vimeshatenga mazalia yao, na Hifadhi ya Mahale yenyewe ina mkanda wa maji wa mita 1,600 usioruhusiwa kuvuliwa. Wenzetu wa huko, wilaya ya Uvinza, wakiweza, na kaskazini inawezekana.

Tunaomba mambo mawili. Halmashauri za wilaya ziweke siku moja katika robo hii ya mwaka ya kupitia rasimu za vijiji vya mwambao kwa pamoja, ofisa uvuvi na mwanasheria wakiwa meza moja, ili rasimu yenye kasoro irudi na maelezo badala ya kukaa kabatini. Na chuo cha uvuvi cha FETA hapa Kigoma kitoe wanafunzi wakati wa mazoezi yao waje na GPS wapige pembe nne za kila eneo. Ni kazi ya asubuhi moja kwa kijiji. Madumu, mawe na kandambili tunazo.

Ni sisi,
Wavuvi na wakaushaji wa dagaa,
Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma